Maamuzi Yanayotangulia Hesabu: Historia ya Kuiga Msukosuko wa Hewa Kuzunguka Bawa la Ndege

Milinganyo inayotawala mwendo wa hewa juu ya bawa la ndege ilikuwa imekamilika zaidi ya nusu karne kabla ya ndege yenyewe kuruka. Mhandisi Mfaransa Claude-Louis Navier aliiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1822, na mwaka 1845 George Gabriel Stokes wa Cambridge akaijenga upya juu ya msingi ulio imara zaidi, ndiyo maana ikaja kuitwa milinganyo ya Navier na Stokes. Kwa ufupi, inaeleza kwamba kila sehemu ndogo ya hewa huongeza au kupunguza kasi kulingana na jinsi inavyosukumwa na shinikizo na inavyozuiwa na mnato, yaani msuguano wa ndani unaofanya tabaka moja la hewa liburute tabaka jirani. Ingedhaniwa basi kwamba anayetaka kujua bawa fulani litabeba uzito gani hana kazi nyingine ila kuitatua milinganyo hiyo, lakini hewa inapokuwa katika hali ya msukosuko hujaa visulisuli vya kila ukubwa, kuanzia vile vinavyolingana na unene wa bawa hadi vile visivyofikia sehemu ya kumi ya milimita, na hakuna aliyewahi kuvihesabu vyote kwa bawa zima la ndege ya abiria. Kwa hiyo kila anayeiga mtiririko huo hulazimika kuamua mapema nini kihesabiwe, nini kikadiriwe, na dunia ya hesabu ikomee wapi. Historia inayofuata ni ya maamuzi hayo, ambayo yameamua matokeo kwa kiasi kikubwa kuliko wengi wanavyokubali.

Uamuzi wa kwanza na mzito kuliko yote ulifanywa na Osborne Reynolds wa Manchester. Mwaka 1883 alichapisha majaribio ambamo alipitisha uzi mwembamba wa rangi katika maji yanayotiririka ndani ya bomba la kioo, akaonyesha kwamba rangi hiyo hubaki imenyooka au hutawanyika ghafla kutegemea kipimo kimoja kinachounganisha kasi, upana wa bomba na mnato. Kipimo hicho ndicho namba ya Reynolds, na kwa bawa hupatikana kwa kuzidisha kasi ya hewa na upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma, kisha kugawanya kwa mnato uliogawanywa kwa densiti. Miaka 12 baadaye, mwaka 1895, Reynolds alipendekeza kwamba kasi ya kila mahali igawanywe katika sehemu mbili, wastani na mtikisiko unaopanda na kushuka kuuzunguka wastani huo, halafu milinganyo iandikwe kwa ajili ya wastani peke yake. Hatua hiyo ilipunguza kazi kwa kiwango kisichopimika, ila ilidai malipo yake: ndani ya milinganyo ya wastani ilizuka mikazo mipya inayotokana na mitikisiko, na mikazo hiyo haina mlinganyo wake wa kuitosheleza, kwa kuwa kila mlinganyo unaoongezwa huzaa visivyojulikana vingine. Joseph Boussinesq alikuwa amekwisha kudokeza njia ya kutokea mwaka 1877, aliposema kwamba athari ya visulisuli inaweza kuchukuliwa kana kwamba ni mnato wa ziada. Karibu kila modeli ya msukosuko inayotumika viwandani leo imesimama juu ya dhana hiyo, ambayo si sheria ya maumbile. Ni makadirio yaliyothibitika kuwa na manufaa mengi.

Mahali pa kuyatia makadirio hayo palionyeshwa na Ludwig Prandtl katika mkutano wa kimataifa wa wanahisabati uliofanyika Heidelberg mwezi Agosti 1904. Prandtl alieleza kwamba hewa inayogusa ukuta husimama kabisa, na kwamba kasi hurudi kuwa kamili ndani ya utando mwembamba alioutaja kuwa tabaka la mpaka. Nje ya utando huo mnato unaweza kupuuzwa. Akaeleza pia jinsi tabaka hilo, likisukumwa dhidi ya shinikizo linaloongezeka, linavyopoteza nguvu na kubanduka kutoka kwenye ukuta. Kubanduka huko ndiko kunakolifanya bawa lipoteze mwinuo pale pembe ya mkabala, yaani pembe ambayo bawa linaukabili mkondo wa hewa, inapozidi kiasi. Mwaka 1925, akiwa Göttingen, Prandtl alitoa kanuni ya kukadiria mnato wa msukosuko kwa kutumia urefu ambao kisulisuli husafiri kabla ya kuchanganyika na hewa inayokizunguka, na mwaka 1930 Theodore von Kármán, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akachapisha kanuni ya logi inayoeleza jinsi kasi ya wastani inavyokua kadiri mtu anavyosogea mbali na ukuta.

Wakati nadharia ikikua hivyo Ulaya, Marekani ilikuwa inakusanya vipimo. Kamati ya Taifa ya Ushauri kuhusu Urukaji, iliyoundwa mwaka 1915 na kujulikana kwa kifupi cha NACA, ilijenga kule Langley, Virginia, handaki la upepo lililofungwa ndani ya tangi la chuma na kujazwa hewa iliyobanwa hadi karibu mara 20 ya shinikizo la kawaida, ili mfano mdogo wa bawa ufikie namba ya Reynolds inayokaribia ile ya ndege halisi. Kutokana na handaki hilo Eastman Jacobs na wenzake walichapisha mwaka 1933 ripoti ya mikato 78 ya mabawa, mkato ukiwa ni umbo linalopatikana bawa linapokatwa kutoka mbele kwenda nyuma. Majina ya mikato hiyo yalipangwa kwa tarakimu nne: ya kwanza hueleza kiwango cha mpindo kwa asilimia ya upana wa bawa, ya pili mahali mpindo unapofikia kilele, na mbili za mwisho unene. NACA 0012, kwa mfano, hauna mpindo wowote na unene wake ni asilimia 12, nao ndio umekuwa mkato unaojaribiwa zaidi katika historia ya uigaji.

Handaki lile, hata hivyo, lilikuwa na dosari ambayo kila anayeandaa uigaji leo anapaswa kuikumbuka. Hewa yake ilikuwa na msukosuko mwingi hata kabla haijafika kwenye bawa, na msukosuko huo wa kuletwa uliharakisha mpito, yaani kugeuka kwa tabaka la mpaka kutoka hali tulivu kwenda hali ya msukosuko, hivyo bawa likapimwa katika mazingira ambayo halikutani nayo angani. Langley ililazimika kujenga mahandaki mengine yenye hewa tulivu zaidi mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Sharti la hewa inayoingia, ambalo katika programu ya kompyuta huonekana kuwa namba moja tu ya kujaza katika faili, ndilo lililokuwa limegharimu chombo kizima.

Kuhusu hesabu zenyewe, miongo kadhaa ilipita kabla ya mitambo kuwa tayari, na waliothubutu walifanya kazi kwa mikono. Alexander Thom wa Glasgow alichapisha mwaka 1933 suluhisho la mtiririko kuzunguka silinda kwa kasi ndogo, na Mjapani Mitutosi Kawaguti akafanya vivyo hivyo mwaka 1953 kwa namba ya Reynolds ya 40, kazi iliyomchukua mwaka mmoja na nusu kwa saa 20 kila wiki akitumia mashine ya kukokotoa ya mezani. Namba ya Reynolds ya bawa la ndege ndogo ni mamilioni. Umbali kati ya 40 na milioni 6 unaonyesha kwa nini hakuna mtu wa zama zile aliyefikiria kuiga msukosuko wa bawa.

Kompyuta zilipokuja, hatua ya kwanza ya maana haikutoka kwa wahandisi wa ndege ila kwa watabiri wa hali ya hewa. Joseph Smagorinsky alipendekeza mwaka 1963 kwamba gridi, yaani wavu wa nukta ambazo hesabu hufanywa juu yake, ihesabu mikondo mikubwa moja kwa moja, na visulisuli vidogo kuliko nafasi za gridi viwakilishwe na mnato unaotegemea ukubwa wa nafasi hizo. James Deardorff aliitumia njia hiyo mwaka 1970 kwa mtiririko ndani ya mfereji akiwa na nukta 6,720 pekee. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa uigaji wa visulisuli vikubwa. Upande wa pili, mwaka 1972 Steven Orszag na G. S. Patterson walifanya uigaji wa moja kwa moja, usio na modeli yoyote, katika mchemraba wenye nukta 32 kila upande. Hapakuwa na ukuta humo, na pasipo ukuta hakuna bawa. Wahandisi wa ndege walibaki na wastani wa Reynolds, na katika miaka hiyohiyo kundi la Brian Launder na Brian Spalding huko Imperial College, London, lilikamilisha modeli inayofuata mambo mawili: nishati ya mitikisiko na kasi ambayo nishati hiyo hupotea.

Palikuwa na kikwazo kingine ambacho hakikuhusu fizikia hata kidogo. Gridi ya miraba iliyonyooka haiwezi kulifuata umbo la bawa. Mistari yake huukata ukuta ovyo mahali hasa penye tabaka la mpaka, ambapo usahihi unahitajika kuliko kwingine. Mwaka 1974 Joe Thompson, Frank Thames na Wayne Mastin wa Mississippi walichapisha njia ya kuizalisha gridi yenyewe kwa kutatua milinganyo, ambapo mstari mmoja wa gridi hulala juu ya ngozi ya bawa na mingine hupanuka taratibu kuelekea nje bila kukatana vibaya. Gridi yenye umbo la herufi C, inayokumbatia ukingo wa mbele na kuacha mikono yake miwili ikinyooka nyuma kufuata mkia wa hewa iliyosumbuliwa, ilienea tangu wakati huo. Ni haki kusema kwamba kazi hiyo, ambayo haitajwi mara nyingi katika vitabu vya msukosuko, ilifungua njia sawasawa na modeli yoyote.

Modeli zenyewe ziliendelea kupatana na mahitaji ya mabawa. Barrett Baldwin na Harvard Lomax walitoa mwaka 1978 kanuni nyepesi isiyomtaka mhandisi atafute tabaka la mpaka linakoishia. Mwaka 1992 Philippe Spalart na Steven Allmaras, wakiwa katika kampuni ya Boeing, waliwasilisha modeli ya mlinganyo mmoja tu unaosafirisha mnato wa msukosuko, na ambamo umbali kutoka ukutani hupunguza mnato huo kadiri ukuta unavyokaribia. Miaka miwili baadaye Florian Menter, aliyefanya kazi katika kituo cha Ames cha NASA, alichapisha modeli iliyotokana na ugunduzi wake mwenyewe kwamba modeli ya David Wilcox, iliyo bora karibu na ukuta, hubadilisha majibu yake kutokana na thamani zilizowekwa mbali kabisa na bawa. Suluhisho lake lilikuwa kuitumia modeli ya Wilcox karibu na ukuta na kuiacha ile ya Launder na wenzake itawale nje. Modeli hizi mbili, ya mwaka 1992 na ya mwaka 1994, bado ndizo zinazotumiwa na wengi kwa mabawa.

Jinsi maandalizi yanavyokuwa kwa vitendo huonekana vizuri katika kipimo ambacho NASA Langley imekiweka wazi kwa ajili ya kukagua programu: mkato NACA 0012, namba ya Reynolds milioni 6, kasi ya asilimia 15 ya kasi ya sauti, na pembe za nyuzi 0, 10 na 15. Karibu na ukuta, wanaouiga mtiririko hupima umbali kwa kizio kinachotokana na mnato na msuguano wa ukutani, ambapo chini ya vizio 5 mnato ndio unaotawala na juu ya vizio 30 hivi kanuni ya logi huanza kufanya kazi. Modeli isiyotumia kanuni ya logi kuliruka eneo la karibu na ukuta huhitaji nukta ya kwanza iwe katika kizio 1 au chini yake. Kwa bawa lenye upana wa mita 1 na namba ya Reynolds ya milioni 6, kizio kimoja ni takriban sehemu 4 za elfu za milimita, unene usiofikia hata sehemu ya kumi ya unywele wa binadamu. Kutoka hapo seli za gridi hukua kidogo kidogo, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa sehemu ndogo, kwani kuruka ghafla kutoka seli nyembamba kwenda pana huingiza kosa ambalo hakuna modeli inayoweza kulifuta.

Mpaka wa nje wa kipimo hicho umewekwa mbali mara 500 ya upana wa bawa, na anayeona namba hiyo kwa mara ya kwanza huidhani kuwa ni kupita kiasi. Sababu yake ni kwamba bawa linaloinua huifanya hewa yote izunguke kulizunguka, na katika mtiririko wa pande mbili tu mzunguko huo hupungua polepole mno, kwa uwiano wa kinyume wa umbali. Mpaka ukiwekwa karibu na kuambiwa kwamba hewa hapo inakwenda moja kwa moja bila kuguswa na bawa, uongo huo mdogo hurudi kama pembe iliyobadilika na kuharibu hesabu ya ukinzani. Kwa hiyo gridi moja inabeba urefu wa sehemu 4 za elfu za milimita na urefu wa mita 500, uwiano unaopita milioni 100 kwa moja. Kwenye mpaka huohuo hutakiwa pia thamani ya msukosuko wa hewa inayoingia. Kwa modeli ya Spalart na Allmaras huwekwa kati ya mara 3 na mara 5 ya mnato wa kawaida, kwa kuwa thamani ya chini zaidi inaweza kuiacha modeli ikilala katika hali tulivu mahali ambapo mhandisi anadhani imekwisha kuamka.

Suala la mpito ndilo linalowapotosha wengi wanapolinganisha hesabu na vipimo. Modeli hizo huchukulia kwamba tabaka la mpaka lina msukosuko karibu tangu ukingo wa mbele, ilhali bawa safi huweza kubaki na tabaka tulivu kwa sehemu kubwa ya upana wake. Charles Ladson, katika vipimo vya NACA 0012 alivyochapisha mwaka 1988, alibandika punje za karborandamu karibu na ukingo wa mbele ili kulazimisha mpito mahali panapojulikana, na ndiyo maana vipimo vyake hupendelewa kwa ulinganisho. Kuchukua vipimo vya bawa safi na kuvilinganisha na hesabu ya msukosuko mtupu, kisha kuilaumu modeli, ni kuipa modeli kosa la maandalizi.

Pembe ikizidi hadi mtiririko ubanduke, modeli za wastani hudhoofika, kwa sababu visulisuli vinavyozaliwa huko ni vikubwa na hufuata umbo la bawa lenyewe. Spalart na wenzake walipendekeza mwaka 1997 kwamba modeli ya wastani ibaki karibu na ukuta na visulisuli vikubwa vihesabiwe moja kwa moja kule mtiririko ulikobanduka, na mwaka 1999 njia hiyo ilijaribiwa kwa NACA 0012 katika pembe kubwa na kukaribia vipimo kuliko modeli za wastani. Furaha hiyo ilifuatwa na fundisho kali. Njia hiyo huamua ni wapi pa kubadilisha hali kwa kutazama ukubwa wa seli, hivyo mhandisi mwenye bidii aliyezidi kuifinya gridi yake sambamba na ukuta aliifanya iondoe msaada wa modeli ndani ya tabaka la mpaka kabla visulisuli halisi havijazaliwa, na mtiririko ukabanduka mahali ambapo katika maumbile haubanduki. Gridi bora ilitoa jibu baya. Marekebisho ya mwaka 2006 yaliilinda sehemu ya ndani ya tabaka la mpaka dhidi ya hali hiyo, lakini ilikuwa imekwisha kuthibitika kwamba katika njia hizi gridi ni sehemu ya modeli.

Ulaya ilikabili swali gumu zaidi, la kuhesabu visulisuli hadi ukutani, kupitia mradi wa LESFOIL ulioanza mwaka 1998 na kuratibiwa na Lars Davidson wa Chalmers, Uswidi. Mkato uliochaguliwa ulikuwa ule wa kampuni ya Aerospatiale ulioitwa A, katika pembe ya nyuzi 13.3 na namba ya Reynolds ya milioni 2.1, hali iliyo karibu na kupoteza mwinuo. Hewa hapo huanza tulivu juu ya ukingo wa mbele, hupitia mpito mapema, kisha tabaka la msukosuko hunenepa hadi kubanduka kwa upole karibu na ukingo wa nyuma, na kila hatua hutegemea iliyoitangulia. Makundi mengi yaliyoshiriki hayakufaulu kuupata ubandukaji huo sawasawa, kwa kuwa gridi zao hazikutosha kuushika mpito wenyewe. Ivan Mary na Pierre Sagaut wa taasisi ya ONERA, Ufaransa, walioielekeza nguvu yao ya hesabu kwenye eneo la mpito na ukutani na kulipunguza eneo la hesabu kando ya urefu wa bawa, walikaribia zaidi. Uamuzi wao ulikuwa na gharama, kwani kipande chembamba cha bawa huvibana visulisuli vinavyotaka kupanuka nyuma, lakini ulionyesha mahali nukta zinakohitajika.

Tangu mwaka 1979 Dean Chapman wa NASA alikuwa amekadiria kwamba nukta za uigaji wa visulisuli vikubwa hadi ukutani huongezeka kwa kipeo cha 1.8 cha namba ya Reynolds, na mwaka 2012 Haecheon Choi na Parviz Moin waliyarekebisha makadirio hayo hadi kipeo cha 13/7, huku uigaji wa moja kwa moja ukidai kipeo cha 37/14. Spalart, katika makadirio aliyochapisha mwaka 2000, alitabiri kwamba uigaji wa visulisuli vikubwa kwa ndege nzima usingewezekana kabla ya mwaka 2045, na wa moja kwa moja kabla ya mwaka 2080.

Uigaji wa moja kwa moja wa mkato wa bawa wenye ukubwa wa kutajika ulifanyika katika Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016 na Seyed Mohammad Hosseini, Ricardo Vinuesa, Philipp Schlatter, Ardeshir Hanifi na Dan Henningson. Mkato ulikuwa NACA 4412, pembe nyuzi 5, namba ya Reynolds 400,000, na nukta bilioni 3.2. Hata hapo, ambapo hapakuwa na modeli yoyote ndani ya tabaka la mpaka, maandalizi hayakukwepeka: mpito ulilazimishwa kwa nguvu ndogo iliyoingizwa ndani ya hewa kwa umbali wa asilimia 10 kutoka ukingo wa mbele, na kwa kuwa eneo la hesabu lisingeweza kupanuliwa hadi mbali, masharti ya mpakani yalichukuliwa kutoka kwenye hesabu iliyotangulia kwa modeli ya wastani ya Menter. Kwa kipeo cha Choi na Moin cha uigaji wa moja kwa moja, kuupandisha uigaji huo hadi milioni 6 za Langley kungehitaji nukta zipatazo trilioni 4. Kundi lilelile la Stockholm, lilipotaka kufika namba ya Reynolds ya milioni 1, liliuacha uigaji wa moja kwa moja na kurudi kwenye uigaji wa visulisuli vikubwa, likikubali tena kuvikadiria vile vilivyo vidogo kuliko vyote.